Shingo ya Kukhu Kwenye Simu

Athieno mwanangu,

Salamu zako utazipata kesho asubuhi kwa mdomo wangu, pale getini, kwa hiyo hapa naziruka. Mambo ya sufuria, blanketi, viatu vya mvua na watu wa kukaa nao mbali, mama yako amekwambia wiki nzima, na najua atayarudia hata ukiwa umeshaketi garini. Sina la kuongeza hapo. Mimi nina habari nyingine, na nimefurahi nayo mpaka kalamu inaruka mistari. Usinicheke kwa mwandiko.

Kwanza nikwambie ninapoandikia. Nimekaa kwenye kiti cha mbao ndani ya wadi ya wanawake, hospitalini kwetu hapa Tororo, kando ya kitanda cha Kukhu yako, mama wa mama yako. Kando kabisa. Nikinyoosha mkono naufikia mto wake. Ndiyo, mimi Okoth, mkwe wake, mtu ambaye tangu nimwoe mama yako, kama mila yetu inavyotaka, sijawahi kumpa yule mama mkono, sijawahi kula naye chakula mahali pamoja, na tukikutana njiani kule kwao Lumino mmoja wetu hukata kona na kuingia kwenye mihogo ya watu. Yeye amelala, na mimi namtazama akilala. Wazee wa kwetu wakisikia watasema nimerukwa na akili. Wacha waseme.

Usishtuke. Anapumua. Ningekuwa na habari mbaya ningekupigia simu, nisingekaa hapa kuandika. Lakini nakujua wewe. Ukisikia nusu ya haya leo, begi litafunguliwa, nguo zitarudi kabatini, na wale wa kazini kwako Eldoret watakungoja mpaka wachoke. Ndiyo maana mama yako ameahidi kukwambia tu kwamba upasuaji umekwenda vizuri, jambo ambalo ni kweli, na hii barua nitaitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako na kukwambia uifungue ukishavuka mpaka wa Malaba. Ukinikasirikia, nikasirikie ukiwa upande wa pili.

Hadithi yenyewe unaijua nusu, maana wewe ndiye uliyeianzisha. Upande wangu huujui.

Siku ulipokuja na kile kifaa ulichoazimwa na mwalimu wako, cha kuchomeka kwenye simu, nilikwambia altrasaundi ni ya kutazama mimba. Nilisema mbele ya mama yako na kaka yako, kwa sauti, kama mtu anayejua. Miaka yote hii nalaza watu usingizi wapasuliwe, naingiza mipira kwenye makoo yao, na haijawahi kunijia kwamba mtu anaweza kuitazama njia ya hewa kutoka nje, mgonjwa akiwa macho, bila kumchoma wala kumfungulisha mdomo. Ukaniambia nilale kwenye kochi. Ukanipaka jeli chini ya kidevu, baridi kama maji ya mtungi, ukanigeuzia simu nione. Nikauona ulimi wangu mwenyewe ukijigeuza kama kambare kwenye tope.

"Huo ndio ulimi, Baba," ukasema. "Wote. Sio ile ncha unayomtolea daktari."

Ukanionyesha unene wake. Ukanionyesha kuta za koo za kulia na kushoto, na ule uwazi mdogo katikati ambao maisha yangu yote yanapita hapo. Ukanieleza kwamba mtu akilala nyama hizo zinalegea, na aliye na ulimi mnene na kuta nene anazibika, anakosa pumzi, anagutuka, anavuta, analala tena, hivyo hivyo hadi asubuhi, na mwenyewe hajui. Hilo la kuzibika nilikuwa nalijua. Nisilolijua ni kwamba unaweza kumshuku mtu kabla hajalala. "Mgonjwa hahitaji kujua kama anakoroma," ukasema. "Mimi natazama tu shingo." Niliitikia kwa kichwa kama mzee wa kanisa, na moyoni nikasema mtoto huyu amesoma vitu vya ajabu, lakini kwetu hapa maswali yanatosha.

Basi sikiliza jinsi maswali yangu yalivyotosha.

Ngiri ya kitovu ya Kukhu imekua miaka mingi. Yeye aliifunga na leso akaendelea kulima, mpaka juzijuzi ilipoanza kumuuma hata akikohoa. Daktari wetu wa upasuaji akasema irudishwe ndani kabla haijanasa, kwa sababu ikinasa utumbo unaoza na hapo hatuna tena nafasi ya kufikiri. Akapangiwa. Na kwa kuwa mwenzangu wa kazi yuko likizo, mtu wa kumlaza usingizi alibaki mmoja tu.

Kabla ya kumlaza mtu nusu kaputi lazima nimhoji. Kukhu alikataa kuingia chumba nilichomo. Akaketi nje kwenye korido, mtandio umemfunika mpaka puani, macho ukutani. Mimi nikakaa ndani nimeupa mlango mgongo. Kati yetu akasimama Sista Amoit, yule muuguzi wa Kiteso anayecheka kila kitu, akibeba maneno kutoka kwangu kwenda kwake na kurudi, ingawa sote watatu tulisikiana vizuri sana.

"Muulize mama kama ana presha."

"Mama, anauliza kama uko na presha."

"Mwambie iko. Lakini dawa nameza."

"Muulize kama huwa anakoroma akilala."

Hata Amoit alisita kidogo kabla ya kulisema. Mimi nikatazama viatu vyangu. Mkwe anamuuliza mama mkwe namna anavyolala. Hakuna swali baya kuliko hilo, labda kumuuliza anavyooga.

"Mwambie huyo mkwe," Kukhu akasema polepole, "mimi nalala peke yangu tangu muzee alienda. Nani ataniambia nakoroma? Mbuzi?"

Amoit akacheka mpaka akashika mlango. Halafu akageuka kwangu, akiniita kwa cheo cha mganga. "Musawo, anasema hakuna."

"Basi hakoromi," nikasema. "Tuendelee."

Umeona nilichofanya? Yule mama alisema hakuna mtu wa kumsikia. Mimi nikachukua hakoromi. Haikuwa bahati mbaya, Athieno. Nilikuwa natokwa jasho la haya, yeye pia, na jibu lile lilikuwa limetufungulia mlango wa kutokea, nikatoka. Kama angekuwa mama wa mtu mwingine ningemuuliza tena kwa njia nyingine, ningemwita jirani, ningeuliza kama anasinzia mchana akipepeta mtama. Kwa mama mkwe wangu nilitaka tu tumalizane.

Na nilikuwa na sababu ya kuogopa kuliko mtu yeyote. Nilipokuwa mgeni kazini aliletwa mfugaji mmoja kutoka Sikuda, mtu mnene mwenye heshima zake, na mkewe akatuambia huyu akilala mbwa wanahama. Tulicheka chumba kizima. Tukamwambia mzee, basi unakula vizuri, unatunzwa. Si unajua hapa kwetu mwanamume anayekoroma anasifiwa? Upasuaji ukaisha salama, nikamtoa mpira kooni kabla hajaamka sawasawa, na ulimi ukaangukia nyuma. Kifua chake kilipanda na kushuka vizuri kabisa. Nikakitazama nikaridhika. Mpaka nilipoona midomo imekuwa rangi ya zambarau ndipo nikaweka mkono puani, na hapakuwa na kitu. Kifua kilikuwa kinahangaika bure juu ya mlango uliofungwa. Nilimshika taya nikaisukuma mbele, nikaishikilia, na hewa ikapita. Alipozinduka akaomba chai.

Kwa hiyo nilijua. Na bado, kwa ajili ya haya, nikasema tuendelee.

Jioni ile nyumbani kwetu Mella, ulikuwa unamenya viazi ukaniuliza kama nimeitazama njia ya hewa ya Kukhu. Nikasema amesema hakoromi. "Amesema kwa nani?" ukauliza, na hukuinua hata macho kutoka kwenye viazi. Nilikasirika. Nilikujibu maneno ya ukali ambayo siyaandiki hapa, kuhusu watoto wenye vyeti. Wewe ukamaliza viazi, ukaosha kisu, na kesho yake ukaenda Lumino bila kuniaga.

Yaliyotokea huko umenihadithia mara nyingi, na bado nataka kuyasikia. Kwamba Kukhu alipoona jeli alisema, kwa lile jina analokuita yeye, "Nabwire, mimi mimba nilimaliza zamani, tafuta wengine." Kwamba ulipomwonyesha ulimi wake kwenye simu aliutukana, akasema ndio uliomgombanisha na majirani. Wewe mjukuu unaruhusiwa yote. Unaweza kumshika shingo, kumcheka, kumlalia miguuni, naye anafurahi. Nilipokuwa najibanza nyuma ya Amoit sikuwahi kufikiri kwamba nyumbani kwangu kuna mtu ambaye mila haimfungi hata kidogo, na mtu huyo ana kifaa mkononi.

Mimi nilikuwa kwenye veranda ya chumba cha upasuaji nakunywa chai picha zilipoingia. Nikafungua. Nikaona kitu kinasogea cha kijivu, nikasoma chini yake jina la Kukhu, na nikaigeuza simu kifudifudi juu ya benchi kama mtu aliyefungua mlango wa bafu la watu. Nikakupigia.

"Athieno, umenitumia nini?"

"Shingo, Baba."

"Najua ni shingo. Ya nani?"

"Ya mgonjwa wako. Angalia kama ya mgonjwa."

Ukaniambia, sasa kwa sauti ya chini, "Baba, nimepima nikarudia. Ulimi ni mnene. Kuta ni nene. Akilala chali ile nafasi inabaki kidogo sana. Na leo mchana baada ya ugali alijinyoosha kwenye mkeka, nikakaa naye. Anakoroma, halafu ananyamaza, halafu anashtuka kama mtu ametoka majini. Baba, mimi sijakwambia usimpasue. Nakwambia tu ujue."

Nikaigeuza simu. Nikatazama. Nikaiongeza ukubwa kwa vidole. Na nikwambie kweli, baada ya muda kidogo sikuona tena mama mkwe. Niliona njia ya hewa, nyembamba, ambayo kesho kutwa ningeipa dawa ya kuilegeza kabisa, nikiwa na uhakika kwamba hakoromi. Chai ilipoa. Moyo ulikuwa unadunda, kwanza kwa hofu, halafu, nisamehe, kwa furaha. Furaha kubwa. Kwa sababu nilielewa kwamba wale wote ambao nimekuwa nikiwauliza miaka yote, wajane wanaolala peke yao, walinzi wanaolala mchana, madereva wa malori wanaolala barabarani Malaba wakingoja foleni, wote ambao hawana mtu wa kuwasikia, sasa wanaweza kujulikana kabla sijawagusa. Na aliyenionyesha ni binti yangu, ambaye jana yake nilimfokea.

Nilimpelekea daktari picha. Akasema, "Altrasaundi ya ulimi? Hata hiyo iko?" Nikamweleza kwa maneno yako, neno kwa neno, nikajifanya ni yangu. Hilo nalo nalikiri hapa. Akafikiri, akasema basi tusimlaze kabisa, apigwe sindano ya ganzi mgongoni, afanyiwe akiwa macho, na baada ya hapo asipewe zile dawa kali za maumivu zinazozidisha usingizi na kupunguza pumzi. Na alale akiwa na mlinzi. Maana yake mtu akae kando yake anapolala, amtazame.

Sindano ya mgongo. Mgongo wa mama mkwe wangu, wazi, chini ya taa. Hapo nilimpigia Wandera, mwenzangu niliyesoma naye, anayefanya kazi Busia ya upande wa Kenya, nikamweleza. Alicheka kwanza, halafu akasema, "Okoth, ndugu yangu, nakuja. Hiyo mgongo acha mimi." Leo asubuhi alifika mapema akampiga sindano moja tu ikashika. Mimi nilisimama upande wa kichwa, nyuma ya shuka lililotundikwa, nikitazama mashine na kutazama dari. Kukhu alikuwa macho muda wote, akimuuliza daktari kama mihogo ameshapanda. Ngiri ilirudishwa, akashonwa, akatolewa nje akiwa anaongea. Ulipokuja kumwona mchana uliona mwenyewe alivyokuwa akikutania kuhusu wanaume wa Eldoret. Uliondoka umetulia, ukaenda kufunga begi. Wandera naye akarudi kazini kwake.

Sasa yale usiyoyajua.

Mama yako ndiye aliyekaa kumlinda, mimi nikawa kwenye benchi la korido. Tulikuwa tumempanga Kukhu vizuri, mito imemwinua, amelala ubavu, kipimo cha oksijeni kidoleni. Jioni, jua likiwa linaelekea kuzama nyuma ya mwamba wa Tororo, uchovu ukamshinda. Akateleza kutoka kwenye mito polepole, akawa chali. Mama yako alidhani amestarehe. Alikuwa anakoroma, na mama yako aliniambia baadaye kwamba alifurahi kumsikia, alijua yu hai.

Halafu kile kipimo kikaanza kulia, na nikasikia, "Baba Athieno, njoo. Mama ananyamaza."

Nilifika mlangoni nikasimama.

Sitaki nikufiche hilo. Miguu ilisimama yenyewe. Mbele yangu kilikuwa kitanda anacholala mama mkwe wangu, mtandio umemtoka, kichwa wazi, mdomo wazi, na kila kitu nilichofundishwa tangu nikiwa mdogo kilinishika shati kwa nyuma. Nikatazama kifua. Kilikuwa kinapanda na kushuka. Mtu mwingine angesema anapumua. Nikamkumbuka yule mzee wa Sikuda, na nikaziona zile picha zako za kijivu, ile nafasi ndogo pale nyuma ya ulimi, nikaijua imefungwa kama vile naiona kwa macho. Nikaingia.

Nilipiga magoti upande wa kichwa. Nikamshika taya kwa mikono miwili, vidole nyuma ya kona za taya, nikaisukuma mbele. Ngozi yake ni laini kuliko nilivyowaza, kwa mwanamke aliyelima jua zote hizo. Kwa kitambo hakuna kilichotokea. Mama yako alikuwa amenishika bega ananifinya bila kujua. Kisha ikaja ile sauti, ya mtu anayetoka majini kama ulivyosema, na hewa ikaingia. Ilinipiga kwenye kiganja ikiwa ya moto. Sijawahi kushika kitu kizuri kama pumzi ile, na wewe nimekushika ulipozaliwa.

Tukamgeuza ubavu, tukainua kitanda, nikamwekea oksijeni. Namba zikapanda zikakaa. Mama yako alilia na kucheka kwa pamoja, akaniambia, "Umemshika mama." Nikasema nimemshika. Akasema, "Kaa basi. Ukishavunja mwiko umevunja." Nikamtuma nyumbani akae nawe, kwa sababu binti anayeondoka kesho hawezi kulala bila mama yake, na yeye kazi ya kushika taya haijui. Amoit ana wadi nzima peke yake. Aliyebaki ni mimi, na kiti, na hizi karatasi alizoniazima.

Ngoja kidogo.

Amesimamisha pumzi. Amevuta. Sawa.

Nilikuwa nataka kukupa mawaidha na naona yamenitoroka, yamebaki machache. Huko unakokwenda mtawapima watu wengi, na utazoea. Siku moja utatazama shingo huku unafikiria chakula cha mchana. Haina ubaya, kazi ni kazi. Lakini futa jeli wewe mwenyewe. Usimpe mgonjwa karatasi na kumwacha ajifute. Kukhu aliniambia kupitia Amoit, leo kabla ya kuingizwa, kwamba ulimfuta shingo kwa upindo wa nguo yako, na kwamba hilo ndilo lililomfanya akubali mambo mengine yote. Sikulijua hilo. Ningekuwa mimi, ningekuwa nimeshaitazama picha nikamsahau mwenye shingo.

Na picha ikikuonyesha mtu yuko salama, mwambie anayekwenda kumlaza akae macho vilevile. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kifaa kinakwambia wa kumshuku, hakikwambii yatakayotokea. Nilikuwa nimejua la kufanya, tumelipanga vizuri, na bado Kukhu aliteleza kwenye mito. Asingekuwepo mtu pale, hizo picha zingebaki picha nzuri tu kwenye simu.

Ukikosea, maana utakosea, sema ukiwa bado kuna la kufanya. Mimi nilikufokea jioni ile kwa sababu ulikuwa sahihi na mimi nilikuwa nimeshasema tuendelee. Ilinichukua usiku mzima na picha za simu kurudi nyuma hatua moja. Ungekuwa mtoto wa kunyamaza, ungekuwa umeninyamazia, na leo tungekuwa na habari nyingine kabisa katika nyumba yetu. Usijifunze adabu ya namna hiyo huko. Wakubwa wako watakukaripia. Waulize tu, "Amesema kwa nani?" na uendelee kumenya viazi vyako.

Na ukirudi unifundishe. Sitanii. Nitanunua hiyo simu kubwa, nitakaa kwenye kochi, utanipaka jeli, na nitajifunza kupima kuta na kusoma zile picha za kijivu bila kubahatisha. Nataka kila mtu anayelala kwenye meza yangu nimjue hivi. Nina hamu kama kijana aliyeajiriwa jana. Mama yako anasema nilikuwa nimeanza kuongea kama mstaafu, na ni kweli, nilikuwa nimeanza. Sasa sitaki.

Ngoja. Ameamka.

Nimerudi. Nakuandikia kama ilivyokuwa, kabla sijasahau.

Alifungua macho akanitazama. Sikujua niinuke au nigeuze uso, nikabaki vilevile. Aliupapasa mtandio, akaukosa. Nilikuwa nao miguuni pa kitanda, nikamnyooshea. Aliushika, lakini hakujifunika. Akaniita kwa jina langu, jambo ambalo hajawahi kufanya.

"Okoth. Hakuna musista?"

"Yuko upande wa pili wa wadi, mama. Mimi niko."

"Wewe ndiye umekaa hapa saa zote?"

"Ndiyo, mama."

Akafikiri. Nje wauguzi walikuwa wanaburuta kitanda. Akatazama ile oksijeni, akatazama mikono yangu, nadhani alijua imemshika.

"Nakoroma?" akauliza.

"Unakoroma, mama. Sana."

Akafunga macho, nikadhani amerudi usingizini. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikainuka haraka nikidhani ni pumzi. Alikuwa anacheka. Anajizuia kwa sababu ya kidonda, anashika tumbo, machozi yanamtoka, na mimi nimesimama hapo kama mlingoti, halafu na mimi nikaanza.

"Mtoto iko wapi?" akauliza alipopata nafasi.

"Nyumbani. Anaondoka kesho. Hajui yaliyotokea."

"Usimwambie mpaka apite mpaka. Atarudi, namjua huyo." Akajigeuza ubavu mwenyewe, bila kuambiwa, akauvuta mto. "Mwache aende. Mimi niko na wewe."

Sasa amelala tena. Mkono wangu uko karibu na pua yake, na pumzi inakuja.

Baba yako